Kununua shamba ao parseli Masisi na Walikale: feza gani unalipa, kwa nani, na karatasi gani inakulinda

Katika vijiji vya Masisi na Walikale ardhi inauzwa karibu kila siku. Inauzwa ili kulipia hospitali, mahari, masomo ya watoto, ao safari ya kukimbia vita. Mara nyingi mambo yote yanamalizika kwa siku moja: bei inakubaliwa, shefu anaitwa, mashahidi wanakunywa, karatasi inaandikwa kwa bic, na mnunuzi anarudi nyumbani akijua kwamba shamba ni lake. Matatizo yanakuja nyuma, pengine miaka kumi baadaye, wakati mtu mwingine anatokea na karatasi yenye muhuri wa ofisi ya ardhi.

Hapa chini tunaeleza njia yote: sheria inasema nini, nani anapaswa kulipwa, na kila karatasi ina nguvu gani. Jambo kubwa la kushika ni hili: kila feza inayolipwa katika ununuzi wa ardhi ina kazi yake. Feza ya shefu inaleta kitu kimoja, feza ya serikali inaleta kitu kingine, na moja haichukui nafasi ya nyingine. Mtu anayelipa bila kujua analipia nini, anaweza kulipa sana na bado akabaki bila ulinzi.

Sheria inasema ardhi ni ya nani?

Watu wengi wanasema: "Hii shamba njo ya baba yangu, tulikaaka hapa tangu zamani." Ni kweli kwa desturi. Lakini sheria ya Kongo ina lugha yake.

Tarehe 7 Juni 1966, sheria inayojulikana kwa jina la Bakajika ilirudisha ardhi yote mikononi mwa serikali. Kisha ikaja sheria kubwa ya ardhi, nambari 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa na sheria nambari 80-008 ya tarehe 18 Julai 1980. Kifungu chake cha 53 kinasema udongo ni mali ya serikali peke yake. Mwananchi hapewi udongo wenyewe. Anapewa haki ya kuutumia, inayoitwa konsesioni. Kwa Mkongomani, mtu wa kawaida, konsesioni inaweza kuwa ya milele. Kwa mgeni na kwa kampuni, ni ya miaka 25, na inaweza kuongezwa.

Na mashamba ya desturi je? Vifungu vya 387 na 388 vinasema ardhi ambayo jamii za vijijini wanakaa, wanalima ao wanatumia kwa namna yoyote kufuatana na desturi zao, nayo imekuwa ya serikali. Kifungu cha 389 kiliahidi kwamba ordonansi ya Rais wa Jamhuri itakuja kupanga haki za watu hao. Zaidi ya miaka 40 ilipita bila ordonansi hiyo kutoka. Hapo ndipo lilipo shimo ambamo familia nyingi za kwetu zimeanguka: mtu ana shamba, majirani wote wanajua ni lake, lakini katika daftari ya ofisi ya ardhi jina lake haliko.

Hiyo haimaanishi desturi haina nguvu. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inasema serikali inalinda mali ya mtu ao ya kikundi iliyopatikana kufuatana na sheria ao na desturi. Sheria ya kilimo nambari 11/022 ya tarehe 24 Desemba 2011 nayo inatambua haki za desturi za jamii za vijijini juu ya ardhi yao. Kwa hiyo mtu akikuambia "karatasi ya shefu ni bure", anakudanganya. Na mtu akikuambia "karatasi ya shefu inatosha", naye anakudanganya.

Kwa nini kwetu jambo hili ni zito

Teritwari ya Masisi ina chefferie mbili, Bahunde na Bashali, na secteur mbili, Osso-Banyungu na Katoyi. Walikale ina secteur mbili, Wanianga na Bakano, na ndiyo teritwari kubwa kupita zote za Kivu ya Kaskazini: ina kilometa za mraba zaidi ya 23.000. Masisi haifiki 5.000, lakini vilima vyake vimejaa watu.

Ardhi ya Masisi iligawanywa mara nyingi na watu tofauti. Kati ya 1937 na 1955, utawala wa Wabelgiji, kupitia mpango ulioitwa MIB, ulileta familia nyingi kutoka Rwanda kuja kukaa Masisi na kufanya kazi. Wakati huohuo mashamba makubwa ya wazungu yalifunguliwa. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kunyang'anya mali za wageni na kuzipa Wazairwa, na mashamba mengi yakaingia mikononi mwa watu wenye uwezo na wenye kujulikana na wakubwa. Mengine yakageuka mashamba ya ng'ombe. Wakulima waliokuwa wakilima kandokando walijikuta ndani ya mipaka ya mtu mwingine bila kuhama hata hatua moja.

Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianzia Ntoto, katika teritwari ya Walikale, na yakaenea mpaka Masisi. Ugomvi wa ardhi na wa uongozi ulikuwa kati ya sababu zake. Tangu hapo vita vimefuatana, na kila vita inaacha mashamba bila wenyewe. Ndiyo maana karatasi ya shamba kwetu ni jambo la amani pia.

Njia ya kwanza: kununua kwa desturi

Hii ndiyo njia ya watu wengi kijijini. Gharama zake hazikuandikwa mahali pamoja, lakini kwa kawaida zinakuwa hizi.

Kwanza, bei yenyewe, ambayo mnunuzi na muuzaji wanapatana. Inalipwa mbele ya mashahidi, na muuzaji anatia sahihi kwamba amepokea.

Pili, haki ya shefu. Kufuatana na mahali, ni mbuzi, kinywaji ao feza. Kazi yake ni kumfanya shefu atambue mbele ya watu kwamba shamba limebadili mwenyewe. Hapa uulize vizuri ni shefu gani. Kuna shefu wa kijiji, kuna shefu wa groupement, kuna mwami ao shefu wa secteur. Ugomvi mwingi unatoka pale ambapo mmoja alitia sahihi na aliye juu yake hakujua.

Tatu, wazee na mashahidi. Majirani wa pande zote nne ni wa lazima. Jirani ambaye hakuitwa leo ndiye atakayesema kesho kwamba mpaka ulihamishwa.

Ine, komisioneri, yule anayeunganisha muuzaji na mnunuzi. Huyo anafanya kazi ya mapatano, na malipo yake yanategemea mnavyopatana. Hana uwezo wa kuthibitisha kwamba shamba ni la muuzaji. Usikubali feza ya muuzaji ipitie mikononi mwake.

Jambo moja linachanganya watu sana. Kuna shamba la kununuliwa, na kuna shamba ambalo mtu anapewa alime tu, kwa malipo ya kila msimu ao kila mwaka. Yule wa pili hawezi kuliuza. Kwa sababu ugomvi kati ya wakulima na mashefu wenye ardhi ulizidi, bunge la Kivu ya Kaskazini lilitoa mwaka 2012 edi inayopanga uhusiano wao. Kwa hiyo kabla ya kutoa feza, muulize muuzaji: "Ulinunua, ulirithi, ao ulipewa ulime?"

Karatasi ya uuzaji yenyewe iwe na mambo haya:

- Majina kamili ya muuzaji na mnunuzi, na nambari ya kitambulisho ya kila mmoja.
- Namna muuzaji alivyopata shamba, na kopi ya karatasi yake ya zamani kama iko.
- Kijiji, groupement, chefferie ao secteur.
- Vipimo kwa meta, na majina ya majirani wa pande zote nne. Usiandike tu "kutoka kwenye mti mpaka mtoni": mti unakatwa, mto unahama.
- Bei kwa tarakimu na kwa maneno, na tarehe ya malipo.
- Sahihi ya mke na ya mume wa upande wa muuzaji.
- Majina na sahihi za mashahidi, sahihi na muhuri wa shefu.

Iandikwe mara tatu: moja kwa muuzaji, moja kwa mnunuzi, moja kwa shefu. Piga picha ya karatasi kwa simu na umtumie ndugu anayeishi mahali pengine. Nyumba ikichomwa, picha itabaki.

Njia ya pili: karatasi ya serikali

Kwa sheria ya 1973, haki ya kutumia ardhi iliyotolewa na serikali inathibitishwa na karatasi moja tu: sertifika ya usajili, ile iliyoandikwa juu yake "certificat d'enregistrement". Inatolewa na konservateri, ndiye mkubwa wa ofisi ya hati za ardhi. Wengi wanadhani ukienda kule na feza unarudi nayo siku ileile. Sivyo. Kuna hatua.

Hatua ya 1 ni barua ya kuomba, ikiambatana na karatasi ya uuzaji na kopi ya kitambulisho.

Hatua ya 2 ni uchunguzi wa kijijini. Kwa ardhi ya vijijini sheria inaulazimisha. Tangazo linabandikwa, halafu ofisa anakuja kuangalia mipaka, kuandika nani anakaa ao analima hapo, na kusikiliza wenye malalamiko. Uchunguzi huu unalinda pande zote mbili. Mkulima asiye na karatasi hata moja ana haki ya kusimama siku hiyo na kusema, hata kwa mdomo tu. Ukiona tangazo la namna hiyo kwenye ofisi ya groupement ao ya teritwari, lisome, na uwaambie majirani. Kukaa kimya wakati wa uchunguzi ndiyo hasara kubwa kupita zote.

Hatua ya 3 ni kupima. Mpima wa kadasta anachora ramani na kuweka mawe ya mpaka. Uwepo wewe mwenyewe, na majirani wako wawepo.

Hatua ya 4 ni mkataba wa kwanza, wa muda usiopita miaka 3. Katika muda huo unapaswa kulitumia shamba: kujenga, kulima, ao kufuga. Ofisa anarudi kuhakikisha.

Hatua ya 5 ni mkataba wa konsesioni, na mwisho sertifika yenyewe.

Anayetia sahihi kwenye mkataba anategemea ukubwa wa shamba. Vipande vidogo vinaishia kwa konservateri. Kwa ardhi ya vijijini gavana hawezi kupita hekta 200. Zaidi ya hapo na mpaka hekta 1.000 ni waziri wa ardhi. Mtu akikuonyesha mkataba wa hekta 500 uliotiwa sahihi na ofisa mdogo, ujue kuna shida.

Feza ya serikali inalipwa namna gani

Kodi na haki za serikali hazitungwi na ofisa aliye mbele yako. Zimepangwa katika ordonansi-sheria mbili za tarehe 13 Machi 2018: nambari 18/003 kwa zile za serikali kuu, na nambari 18/004 kwa zile za jimbo na za chefferie, secteur na miji. Sertifika, mikataba na kubadilisha jina vinaingia upande wa serikali kuu. Kodi ya kila mwaka ya ardhi na majengo, pamoja na kodi juu ya mapato ya nyumba za kupangisha, ni za jimbo.

Kwa feza za serikali kuu, ofisi ya ardhi inahesabu, halafu DGRAD inatoa karatasi inayoitwa "note de perception". Ndani yake mna jina lako, sababu ya malipo na kiasi. Unaenda kulipa benki, na benki inakupa uthibitisho. Basi kanuni ni rahisi: feza ya serikali haiingii mfukoni mwa mtu. Ukiombwa "feza ya mafuta", "feza ya kalamu" ao "ya mkubwa", hiyo si kodi. Usafiri wa mpima mnaweza kupatana, kwa sababu ni lazima afike kijijini, lakini iandikwe na itiwe sahihi.

Tuchukue mfano, tarakimu ni za kufundishia tu. Mama mmoja ananunua parseli kwa dola 1.000. Anatoa 50 kwa shefu na wazee, 50 kwa komisioneri, 20 kwa mashahidi na karatasi. Amefika 1.120. Akitaka sertifika, ataongeza kodi za serikali, usafiri wa mpima, na safari zake mwenyewe kwenda ofisini, pengine mara tatu ao ine. Sasa mwingine ananunua kipande cha dola 200. Mpima atasafiri njia ileile, na mama huyo atalala mjini siku zilezile. Gharama hazipungui kwa sababu kipande ni kidogo. Kwa hiyo maskini ndiye anayelipa sana akilinganisha na mali yake, na kwa mtu wa Walikale, kule barabara ilivyo, safari peke yake inaweza kupita bei ya kipande.

Njia moja ya kupunguza ni majirani kuungana. Familia kumi ao ishirini za kilima kimoja waandike maombi pamoja, mpima aje mara moja, wagawane usafiri wake. Na faida yake ni kubwa: mipaka yote inapimwa siku moja, mbele ya wote.

Parseli ambayo tayari ina sertifika

Katika Sake, Masisi-centre, Kitshanga ao Walikale-centre unaweza kununua parseli yenye sertifika. Hapo usiridhike na kuishika mkononi. Nenda kwa konservateri, uombe aangalie daftari: je, jina ni la muuzaji? Kuna deni la benki juu yake? Kuna kesi? Kisha mkataba wa uuzaji unathibitishwa mbele ya notari ao konservateri, na jina linabadilishwa. Tangu sheria ya mwaka 2016, kuna notari wa serikali na notari wa kujitegemea. Jina lisipobadilishwa, kwa macho ya sheria parseli bado ni ya muuzaji, hata kama wewe umeijenga.

Ujue pia habari ya miaka 2. Sertifika ina nguvu sana. Mtu akiandikisha ardhi yako kwa jina lake, sheria inakupa miaka 2 tangu siku ya kuandikishwa ili udai kurudishiwa ardhi yenyewe. Ukichelewa, unaweza kudai tu malipo ya hasara. Mkulima anayekaa mbali na ofisi anaweza kupitisha miaka hiyo bila kujua kitu.

Mambo matatu ambayo hakuna feza inaweza kurekebisha

Hifadhi ya taifa hainunuliwi. Sehemu ya Hifadhi ya Virunga iko Masisi, na Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyopanuliwa mwaka 1975, inaingia Walikale. Karatasi ya shefu ndani ya hifadhi haikupi haki.

Madini hayaendi pamoja na shamba. Kwa sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, yaliyo chini ya udongo ni ya serikali na yana vibali vyake. Mtu anayekuuzia shamba kwa bei ya juu karibu na Rubaya ao Bisie akisema "chini muko mali" anakuuzia kitu ambacho si chake.

Mali ya mtu mwingine haiuzwi. Kuuza ardhi isiyo yako ni kosa la jinai katika sheria ya Kongo, linaitwa "stellionat", na adhabu yake ni jela.

Mke, mjane na watoto

Sheria ya familia ya 1987 ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016 kwa sheria nambari 16/008. Mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili kufanya mkataba. Na kwa nyumba ao shamba la familia, bibi na bwana wapatane. Mnunuzi mwenye akili anauliza: "Mama mwenye nyumba iko wapi?" Sahihi yake isipokuwepo, unanunua kesi.

Mume akifa, watoto ndio warithi wa kwanza, wasichana kama wavulana, hata wale waliozaliwa nje ya ndoa kama baba aliwatambua. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja. Ndugu wa marehemu hawawezi kuiuza juu ya kichwa chake. Mara nyingi mjane anafukuzwa kwa sababu karatasi ya shamba ina jina la bwana peke yake. Wakati wa kununua, kuandika majina mawili hakuongezi hata franka moja.

Ardhi ya waliokimbia

Mwezi wa Januari 2025 vita ilifika Masisi-centre, Sake na Goma. Mwezi wa pili kambi nyingi zilizozunguka Goma ziliondolewa, na watu wengi walianza kurudi Masisi. Mwezi wa Machi Walikale-centre nayo ikaguswa. Wengi waliorudi walikuta nyumba imebomoka, ao mtu mwingine anakaa ndani, naye akionyesha karatasi aliyonunua.

Kukimbia si kuuza. Mwenye shamba hapotezi haki kwa sababu alikimbia vita. Mkataba wa nchi za Maziwa Makuu uliosainiwa Nairobi mwezi wa Desemba 2006 una protokoli nzima juu ya mali ya watu wanaorudi kwao, na unataja kwa namna ya pekee wanawake na watoto. Kwa hiyo tunawashauri wasomaji wetu:

- Ukikimbia, beba karatasi ao picha yake. Mwachie jirani ao ndugu ulinzi wa shamba kwa maandishi, yanayosema wazi kwamba hana haki ya kuuza.
- Ukirudi na kukuta mtu, usiende na panga. Andika majina ya mashahidi wanaokumbuka ulikaa hapo, na umpelekee shefu malalamiko kwa maandishi.
- Ukitaka kununua, jiulize kwanza mwenyewe wa zamani aliondoka namna gani. Bei ndogo sana wakati wa vita ni alama ya hatari. Na wakati ofisi zinabadilika mikono, hifadhi kila karatasi ya zamani. Usikubali ichukuliwe ili upewe mpya bila kubaki na kopi.

Kwa wanaopangisha nyumba

Wengi waliokimbia wanapanga nyumba. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garantii ya nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi 3. Mwenye nyumba anayedai miezi 6 ao 10 mbele anavunja sheria. Mkataba uwe wa maandishi, na kila malipo yawe na risiti.

Ugomvi ukitokea

Anza karibu. Kwa mashamba ya desturi, sheria ya kilimo ya 2011 inataka watu wajaribu kwanza kupatanishwa kabla ya kwenda mahakamani. Mapatano mbele ya wazee, shefu na majirani yana gharama ndogo, na yakiandikwa vizuri yanadumu. Muombe mpatanishi aandike maneno ya kila upande, mipaka mliyokubaliana, na sahihi za wote.

Yasipofaulu, sheria ya mahakama ya tarehe 11 Aprili 2013 inaipa mahakama ya amani, ile tunayoita tripé, kazi ya kuhukumu ugomvi wa ardhi ya desturi. Ugomvi juu ya sertifika unaenda kwa tribunali ya grande instance. Kufungua kesi kunadai feza inayowekwa kwenye ofisi ya mwandishi wa mahakama, kwa risiti. Asiye na uwezo anaweza kuomba karatasi ya kuthibitisha umaskini, "certificat d'indigence", ili asaidiwe juu ya gharama hizo. Kuna pia mashirika yanayotoa mashauri ya sheria bila malipo; kwa mfano NRC imefanya kazi hiyo ya nyumba na ardhi katika Kivu ya Kaskazini.

Kumpeleka jirani kwa watu wenye silaha ili "akamatwe kidogo" si hukumu. Unalipa leo, na kesho mwenye kulipa zaidi anashinda.

Majirani wanafanya namna gani

Uganda, kwa sheria yake ya ardhi ya 1998, iliunda sertifika ya ardhi ya desturi ambayo inatolewa karibu na kijiji. Rwanda ilipima na kuandikisha vipande vya nchi nzima kwa miaka michache. Kongo ilikubali siasa mpya ya ardhi mwaka 2022, na kati ya malengo yake ni kutambua vizuri zaidi haki za desturi. Kwa mkulima wa Nyabiondo ao wa Itebero, mabadiliko hayo yatakuwa na maana siku ofisi itakapomfikia na bei yake kuwa ya mtu wa kawaida.

Kabla ya kutoa feza, uliza haya saba

1. Muuzaji alipata shamba namna gani, na karatasi iko wapi?
2. Nani analima ao anakaa hapo leo?
3. Mke, mume na watoto wakubwa wamekubali?
4. Majirani wa pande zote nne wamekuja kuonyesha mipaka?
5. Shefu anayetia sahihi ndiye mwenye uwezo juu ya ardhi hiyo?
6. Daftari ya konservateri inasema nini?
7. Kila feza niliyotoa ina karatasi?

Kama jibu moja linakosekana, subiri. Shamba linaweza kungoja wiki mbili. Na kama tayari una karatasi ndani ya sanduku, itoe leo uisome: angalia kama ina vipimo, majina ya majirani na sahihi za mashahidi. Kama havipo, wazee waliokuwepo siku ile bado wako hai, waite waongeze maneno yao kwa maandishi. Wazee hao wakiisha kufa, hakuna ofisi itakayoweza kukusaidia kuwapata.